Landrova na Siku ya Mikaeli

Sene 4

Kosa wanalofanya wengi wanapopata gari kuukuu ni kuanza na injini. Wanataka kusikia mngurumo. Wakishausikia wanalitoa uani siku hiyohiyo, na kwenye mteremko wa kwanza wanagundua kwamba gari linajua kwenda lakini halijui kusimama. Utaratibu ni huu: kwanza lisimame, pili ligeuke, tatu ndipo liende. Naandika haya ili Dessalew, mkwe wangu, ayasome siku mimi nitakapokuwa sina nguvu za kulala chini ya gari, maana leo amenisumbua kutwa.

"Gashe, mzee wangu, tuliwashe tu," alisema. "Hata dakika moja. Watu wamekuja."

Kweli walikuja. Walikaa juu ya ukuta wa mawe wa uani kwangu kama wanaongojea bibi harusi. Landrova hii ilikuwa ya wapuliza dawa ya mbu, kisha ikasimama nyuma ya ghala la shule miaka kumi na tisa, kuku wakitaga kwenye kiti cha dereva. Nilipostaafu kufundisha fizikia, shule ilinikabidhi. Tuliivuta hadi hapa kwa maksai wanane.

Sifanyi haya kwa kujifurahisha. Binti yangu wa pekee, Wubalem, ana mimba ya miezi sita na zaidi. Miaka miwili iliyopita uchungu ulimshika masika kama haya. Wanaume wa chama chetu cha kuzikana, ambao ndio pia hubeba wagonjwa, walimbeba kwa machela mwendo wa saa tisa hadi hospitali ya mjini. Mtoto alifika amekufa. Daktari alisema nyonga yake ni nyembamba: mtoto mwingine atoke kwa kupasuliwa, na mama asipandishwe nyumbu. Hospitali ina nyumba ya kungojea, lakini humpokea mama katika mwezi wake wa mwisho tu, yaani kuanzia Nehase mosi, baada ya mwezi huu wa Sene na ule wa Hamle. Na ikifika Nehase, hakuna lori linalopanda hadi kijijini kwetu Amba Gudo, kwa sababu ya matope.

Kwa hiyo nina siku hamsini na saba.

Sene 5

Siku ya Abo, mtakatifu wa tarehe tano. Hakuna kazi. Mvua.

Sene 9

Tumefungua dramu zote nne za breki. Ndani ya ile ya nyuma kulia, panya alikuwa amejenga. Mipira ya breki imekauka ikawa kama ganda la maharage, ukiibonyeza inavunjika. Nimempigia simu mwanafunzi wangu wa zamani aliyeko Addis Ababa, anitafutie mipira mipya na mafuta ya breki yenyewe. Nimemwambia mara tatu: mafuta ya breki, si mafuta ya injini, si mafuta ya kula. Mafuta ya aina nyingine huvimbisha mipira, na breki iliyovimba hukamata gurudumu isiliachie.

Sene 12

Sikukuu kubwa ya Mikaeli. Kanisa letu ni lake, hivyo leo kijiji kizima kilikuwa huko, na sanduku takatifu likatolewa kwa ngoma.

Niandike sheria hii vizuri, kwa kuwa ndiyo inayokula siku zangu. Kila mwezi tuna siku za watakatifu: ya tano, ya saba, ya kumi na mbili, ya kumi na tisa, ya ishirini na moja, na nyingine baada ya hapo, ukiacha Jumamosi na Jumapili. Siku hizo mtu halimi, hapasui kuni, hapigi nyundo. Anayekiuka haadhibiwi yeye peke yake. Mvua ya mawe hushuka juu ya mashamba ya wote. Ndiyo maana jirani yako anakuchunga.

Mchungaji mkuu wa jambo hili ni Shumet, mwenyekiti wa chama cha kuzikana. Tulisoma pamoja kwa kasisi tukiwa watoto. Mimi nikaenda chuo cha ualimu, yeye akabaki na jembe. Leo baada ya ibada alinigusa bega.

"Mwalimu, lile jeneza lako la magurudumu, utalizika lini?"

"Nitakupeleka nalo mjini, Shumet, ukanunue meno."

"Meno ninayo mawili. Yanatosha kukucheka."

Sene 22

Mipira haijafika. Tumefanya usukani. Viungo vyote vya mbele vimepakwa grisi.

Sene 30

Mvua siku sita mfululizo. Lori la mwisho limeteremka leo, limebeba kondoo na mwalimu mpya aliyeshindwa baridi. Mipira haijafika.

Wubalem amepita jioni na mkate. Miguu imeanza kuvimba. Aliweka mkono juu ya boneti kama mtu anayempima mtoto homa.

Hamle 8

Nimehesabu. Nikitoa siku za watakatifu na za mwisho wa wiki, Hamle hii inaniachia siku kumi na moja za kazi. Nimewahi kuwafundisha watoto kwamba namba hazina huruma. Sikujua nilikuwa nasema kweli kiasi gani.

Hamle 12

Mipira imefika asubuhi, na mafuta ya breki pamoja nayo. Mchuuzi mmoja aliipokea pale malori yanapoishia, akapanda nayo kwa miguu, ndani ya pakiti ya majani ya chai.

Leo ni Mikaeli. Nilijua.

Nilifunga lango la uani. Mke wangu, Asnaku, alikuwa akichagua dengu barazani.

"Baba Wubalem. Leo?"

"Ni kuingiza mipira tu. Kazi ya mkono mmoja."

"Mikaeli hahesabu mikono."

Nilimwita Dessalew. Alisita langoni, kisha akaingia. Mipira iliingia vizuri. Lakini nati ya bomba la nyuma kushoto ilikuwa imeshikana na kutu, ikakataa spana, ikakataa mafuta ya taa. Nikachukua tindo na nyundo. Nilipiga mara kumi na tano hivi. Nyundo juu ya chuma haina siri; mlima wa ng'ambo ulirudisha kila pigo.

Nati ilifunguka. Breki zimeshika. Hii ndiyo habari njema ya leo, na ningependa kuandika kwamba nimelala nayo vizuri.

Hamle 14

Saa nane mchana kulikuwa na kiza kama cha jioni. Kisha ikaja, mvua ya mawe ukubwa wa mayai ya njiwa, muda wa kunywa kikombe kimoja cha kahawa. Ilipokwisha nilitoka. Shayiri ya upande wote wa mashariki imelala chini kama nywele za mtu aliyetoka usingizini. Maharage ya Shumet hayapo, kuna mashina.

Kitalu changu cha vitunguu, nyuma ya kanisa, hakikuguswa hata jani. Ningetoa kitu chochote kiguswe.

Hamle 15

Wameniita kwenye uwanja wa kanisa. Walikuwa kama sitini, wamejifunika shuka, hawapigi kelele. Shumet alisimama katikati, akiwa na bua moja la shayiri lililovunjika mkononi.

"Mwalimu, tarehe kumi na mbili ulipiga nyundo?"

"Nilipiga."

"Ulijua ni siku gani?"

"Nilijua."

Hapo ilinipasa kunyamaza. Lakini nimefundisha miaka thelathini na nne, na mtu akiniuliza jambo namweleza. Nikawaeleza mvua ya mawe inavyotokea: hewa yenye joto hupanda kwa nguvu, inabeba matone hadi juu kwenye baridi, yanaganda, yanashuka, yanabebwa tena, yanaongezeka ganda juu ya ganda kama kitunguu. Walinisikiliza hadi mwisho. Hilo ndilo lililoniponza, walinisikiliza kwa adabu.

"Kwa hiyo hewa ilipanda," alisema Shumet.

"Ndiyo."

"Ikapanda tarehe kumi na nne."

"Ndiyo."

"Siku mbili baada ya nyundo yako."

"Shumet, hayo ni mambo mawili..."

Mwanamke mmoja kutoka nyuma akasema, "Na hiyo hewa, Mwalimu, mbona imejua kuruka vitunguu vyako?"

Hakuna aliyecheka.

Uamuzi: nyumba yangu na ya Dessalew, kwa kuwa alishika spana, zimetolewa katika chama. Hawatabeba mgonjwa wetu. Hawatachimba kaburi letu. Hadi tutakapotubu.

Nimerudi nyumbani nimekasirika. Nusu ya watu wale niliwafundisha kusoma. Ukoko wa karne umewaganda vichwani, na mimi ndiye wa kutubu! Liwe liwalo. Gari litakapowaka sitahitaji machela ya mtu.

Hamle 16

Hakuna aliyenisalimu kisimani.

Hamle 19

Gabrieli. Nimekaa. Sasa nakaa kwa kuogopa, si kwa kuheshimu, na nadhani wao wanaijua tofauti.

Hamle 24

Injini.

Wiki mbili nyuma nilimimina mafuta kidogo ndani ya kila silinda kupitia matundu ya plagi, ili yalainishe pale palipogandana. Leo tumezungusha kwa hendeli, polepole, bila plagi, hadi ikazunguka bila kukwaruza. Ndipo tukarudisha plagi, tukasafisha kabureta, tukamimina petroli. Dessalew alizungusha hendeli mara nne. Mara ya tano ilikohoa, ikatoa moshi mweusi na manyoya ya kuku, ikawaka.

Nilitazama ukutani. Hapakuwa na mtu.

Dessalew alilia. Alijifanya ni moshi.

Hamle 28

Gari liko tayari. Limezunguka uani, limesimama nilipotaka, limegeuka nilipotaka. Nehase mosi tutaondoka.

Nimeyaandika hayo saa sita mchana. Saa tisa Dessalew amerudi kutoka barabarani, amejaa matope hadi kiunoni. Pale kwenye kona ya Korongo la Fisi mlima umeteleza. Udongo na mawe vimefunika barabara hatua sabini. Kiatu kinapita. Gari halipiti.

Nehase 1

Tumechimba siku mbili, mimi na Dessalew, kwa sepetu moja na sururu moja. Mimi nina miaka sitini na saba. Tumesafisha hatua nne, na jana mvua imerudisha moja.

Wanaume wa kijiji walipita juu yetu wakienda kanisani kwa mfungo wa Bikira Maria. Hakuna aliyeshuka. Kazi ile ni ya watu arobaini kwa siku nne. Watu arobaini wapo. Mimi ndiye niliyewafukuza.

Wubalem alituletea shayiri ya kukaanga. Alikaa juu ya jiwe, miguu mbali mbali, mkono kiunoni.

"Baba, siku ile ya Mikaeli ulitaka kunipeleka hospitali au ulitaka kushinda?"

Nikamwambia nilikuwa naokoa siku.

"Umeokoa moja," alisema. "Wewe ndiye mwalimu wa hesabu. Hesabu ulizopoteza."

Fizikia, nilitaka kusema. Nikachukua sepetu.

Nehase 4

Sijalala. Nimemwona Shumet leo kwa mbali, akipanda dengu palipokuwa na maharage yake, kwa kuwa dengu huvumilia kuchelewa. Alikuwa peke yake na ng'ombe mmoja. Mwingine amemuuza kununua mbegu. Nilikuwa nimemhesabu kama mtu mjinga anayenizuia. Sikuwa nimemhesabu kama mtu aliyepoteza chakula cha mwaka. Hata kama hewa ndiyo iliyopanda, njaa itashuka nyumbani kwake.

Nehase 7

Siku ya Utatu. Nimekwenda na jiwe.

Desturi yetu kila mtu hapa anaijua, lakini mimi nilikuwa sijawahi kuifanya. Anayeomba radhi hubeba jiwe juu ya shingo, anainama mbele ya wazee, hasemi hadi waseme. Jiwe linakufundisha kutazama chini. Niliona miguu yao tu: miguu yenye nyufa, kandambili, na kiatu kimoja cha mpira kilichoshonwa kwa waya.

Mvua ikaanza.

"Jiwe lenyewe dogo," ilisema sauti ya Shumet hatimaye.

"Njoo ulibebe wewe," nikasema, nimeinama vilevile.

Mtu akaguna. Mwingine akacheka, akajizuia, wakacheka watatu. Shumet mwenyewe hakucheka.

"Unatubu nini, Mwalimu? Useme. Usituletee habari za hewa."

Nikasema: "Mlikuwa na siku moja iliyokuwa yenu wote. Niliichukua bila kuwauliza."

Kisha mikono miwili ikaliinua jiwe shingoni mwangu. Ilikuwa ya Shumet.

Sharti ni moja: siku ya Mikaeli sitagusa chombo cha kazi. Nimeapa mbele ya lango la kanisa. Kesho watakuja barabarani.

Nehase 8

Watu arobaini na watatu. Wanafunga, hawali wala kunywa hadi saa tisa, hata hivyo wamesafisha hatua ishirini. Shumet anafanya kazi na kututukana sawasawa. "Dessalew, sururu si mke wako, usiishike kwa huruma!"

Nehase 10

Hatua sitini. Mvua mchana kutwa.

Nehase 11

Limebaki jiwe moja, ukubwa wa ng'ombe aliyelala, katikati ya barabara. Limekataa. Wamechoka, na jua limekwisha. Kesho Mikaeli, watapumzika. Keshokutwa watakuja na nguzo ndefu. Tumekubaliana tutaondoka na Wubalem tarehe kumi na tatu adhuhuri. Zitakuwa zimebaki wiki mbili kabla ya siku zake. Inatosha.

Nehase 12

Naandika haya tarehe kumi na tatu, kwenye benchi la hospitali, lakini ni habari ya jana.

Saa kumi na mbili asubuhi Dessalew alikuja mbio miguu mitupu. Chupa ya uzazi ya Wubalem ilikuwa imepasuka. Uchungu ulikuwa unakuja na kwenda.

Ngoma za kanisa zilikuwa zimeanza. Nilisimama kando ya gari, funguo mkononi, na sikujua niende wapi. Machela ni mwendo wa saa tisa, na tulishaona saa tisa zinazaa nini. Gari lingefika mjini kwa saa tatu, kama si jiwe lile. Na mimi nilikuwa nimeapa.

Nilikwenda kanisani. Sikuingia, nilisimama langoni. Shumet aliniona, akatoka na shuka yake nyeupe.

"Umekuja kufanya nini hapa, uso kama majivu?"

"Wubalem."

"Uchungu?"

"Tangu alfajiri. Shumet, niliapa, sikuombi kitu. Nimekuja tu kwa sababu sijui..."

Alikuwa ameshavua shuka. Alimkabidhi mkewe, akaingia ndani ya ua wa kanisa akapaza sauti, katikati ya ibada, "Wenye nguzo, nifuateni! Wenye kamba pia!"

Kasisi alitokea mlangoni. Watu wote waligeuka. Kwa pumzi moja nilidhani angemlaani. Akasema, "Ng'ombe akitumbukia kisimani siku ya Sabato, mnamtoa."

"Basi wewe endelea na ibada, Baba," alisema Shumet, "nasi tunaendelea na jiwe."

Walikuja na nguo za kanisani. Waliingiza nguzo tano chini ya jiwe, wakaning'inia juu yake kama watoto juu ya tawi. Mimi sikushika kitu. Niliwaambia tu mahali pa kuweka egemeo la nguzo: karibu na jiwe, mbali na mkono, ndipo nguvu ndogo inainua zito. Shumet alisema, "Hapo ndipo nakupenda, Mwalimu, ukisema maneno machache." Saa tatu asubuhi jiwe liligeuka, likaenda korongoni, tukalisikia muda mrefu.

Nikalileta gari. Wubalem alilala nyuma juu ya godoro, kichwa mapajani mwa mama yake, ameuma upindo wa shuka. Kabla ya kona nilikanyaga breki kujaribu. Pedali ilizama hadi sakafuni.

Nilitoka nikalala chini matopeni. Jiwe la njiani lilikuwa limelipasua bomba la mbele kushoto, na mafuta ya breki yalikuwa yanadondoka. Bomba likipasuka, gurudumu moja linaziua breki za yote manne, kwa kuwa yote yananywa chungu kimoja. Dawa yake njiani ni kulikunja bomba kabla ya pasuko, kulipiga hadi lilale kabisa lisipitishe kitu, kuongeza mafuta, kutoa hewa, na kwenda na magurudumu matatu. Dawa ninaijua. Inataka nyundo.

Nilikaa nikiitazama ndani ya sanduku la vifaa bila kuigusa. Wubalem alipiga ukelele ndani ya gari, na bado mkono haukuinuka.

Shumet aliinama. "Unangoja nini?"

"Nilikuahidi."

"Uliniahidi mimi au Mikaeli?"

"Wote wawili."

"Basi mimi nimekuachilia. Huyo mwingine utaongea naye mwenyewe. Piga!"

Nilipiga. Mlima wa ng'ambo ulirudisha kila pigo, na watu arobaini walisimama wakisikiliza, wengine wakifanya ishara ya msalaba. Hakuna aliyeniambia niache.

Dessalew alikanyaga pedali nami nikitoa hewa, hadi ikawa ngumu. Shumet alifunga kamba mbili nyuma ya gari, watu kumi na watano kila moja. "Breki yako ina miguu mitatu," alisema. "Hii hapa ina sitini."

Kwenye mteremko wa matope, Dessalew, sikiliza: gia ya kwanza, wenzo mwekundu kwenye mwendo wa chini, na usikanyage klachi hata ukiona malaika. Injini ndiyo inayolishikilia gari. Ukikanyaga klachi umeliachia. Tuliteremka kona ile nusu ya tairi la kushoto ikiwa hewani. Nilisikia nyuma yangu Shumet akiita, "Shika! Legeza! Shika!" na miguu ikiteleza, na watu wakianguka na kuinuka bila kuachia kamba.

Chini ya mteremko, kwenye mto unaokata barabara, maji yalikuwa ya kufunika magurudumu. Nilisimama ukingoni nikatoa mkanda wa feni, maana feni ikizunguka ndani ya maji inarusha maji juu ya plagi na injini inakufa katikati. Wanaume walitangulia, maji kifuani, wakavusha kamba ng'ambo. Tuliingia. Maji yaliingia mlangoni, godoro likalowa, Asnaku akaanza kuimba zaburi kwa sauti kubwa sana. Injini haikufa. Ng'ambo nilirudisha mkanda, nikatembeza gari mguu ukiwa juu ya breki kidogokidogo ili zikauke. Shumet na Dessalew walipanda. Waliobaki walisimama mtoni na nguo zao nyeupe zimekuwa rangi ya mto.

Saa saba tulifika. Walimwingiza moja kwa moja chumba cha upasuaji.

Nehase 13

Msichana. Analia kwa nguvu. Mama yake amepoteza damu nyingi, hajafumbua macho. Mvua.

Nehase 14

Bado. Walitaka watu wa kutoa damu. Dessalew ametoa. Shumet naye akakunja mkono; mtu aliyegeuza jiwe la ukubwa wa ng'ombe alizimia alipoiona sindano. Walimtoa damu hivyohivyo akiwa amelala. Alipoamka akaniambia, "Ukisema hili kijijini, nakurudisha nje ya chama."

Hatujacheka tena baada ya hapo. Asnaku anahesabu pumzi za binti yake.

Nehase 15

Saa nne asubuhi Wubalem amefumbua macho, amemtazama mama yake, amesema, "Mbona mmenivua viatu?" Kisha akaomba maji. Daktari ametabasamu kwa mara ya kwanza tangu tumjue.

Nilitoka nje, nikakaa ndani ya gari, mlango umefungwa, muda mrefu.

Nehase 18

Nimerudi Amba Gudo kwa gari, na Shumet. Wubalem, mama yake na Dessalew watabaki mjini wiki moja. Kwenye Korongo la Fisi tulisimama. Ng'ambo, shayiri iliyolala imeanza kuota upya kando kando, haitazaa kitu. Shumet aliitazama shamba kwa shamba.

"Yule mke wa mpwa wangu, kule juu," alisema bila kunigeukia. "Wanasema atajifungua mwezi ujao, Pagume. Mapacha, wanasema."

"Nitaliweka gari tayari."

"Sikuuliza. Nilikuwa nakuambia."

Nilipofika nyumbani nilifungua bolti ya chini ya difu ya nyuma, kile kibuyu cha gia katikati ya ekseli. Mafuta yalitoka meupe kama maziwa. Hivi ndivyo inavyokuwa: difu hupata moto njiani, kisha inaingia ghafla kwenye maji baridi, hewa iliyo ndani inasinyaa, na inaposinyaa inanyonya maji kupitia mipira ya sili iliyochakaa. Hutaona kitu. Gari litatembea vizuri siku kumi, ishirini, huku maji yakiyala meno ya gia kimyakimya, na yatakatika siku kuna mwanamke mwenye uchungu nyuma.

Mbele pia palikuwa hivyohivyo. Nimemwaga yote, nimesuuza kwa mafuta ya taa, nimejaza upya.

Kama gari lako limevuka mto masika haya, usiliwashe kwanza: lala chini yake leo, fungua bolti ya chini ya kila difu, na yakitoka meupe, yamwage yote.